Kasi ya Kogo Nyabate

Jumamosi jioni Aron Kipruto alirudi kutoka semina akiwa na fulana mpya, kalamu mbili, firimbi shingoni, na ugonjwa ambao hata ukimpeleka hospitali ya Longisa watamrudisha nyumbani vile vile: alikuwa amejua uongozi.

“Mama Chepkurui,” alisema kabla hajavua viatu, “sisi si kikundi. Sisi ni timu.”

Mkewe, Tecla, alikuwa anakamua. Hakugeuza kichwa. “Kuna tofauti?”

“Kubwa sana.”

“Mlikula nini?”

“Wali, kuku, chapati, soda. Lakini usinitoe kwa maneno. Huyo mkufunzi amecheza voliboli ya kulipwa huko ng’ambo miaka minane. Anasema timu imara haijengwi na huruma. Kila mtu awe na namba yake, kila mtu apimwe, na asiyefanya kazi akae benchi.”

“Benchi gani?” Tecla aliuliza. “Ile yetu iko kanisani, hawajarudisha.”

Hapa wacha niseme ukweli mapema, maana mbele watu watalaumiana. Barua ya semina, kutoka kiwanda cha chai, ilisema aje kiongozi wa kikundi. Kiongozi wa kikundi ni Tecla. Yeye ndiye aliyekianzisha miaka minne iliyopita, yeye ndiye hupiga simu, yeye ndiye hujua nani ana mgonjwa na nani ana harusi. Lakini namba ya chai kule kwa kiwanda imeandikwa jina la mume, kwa hivyo barua ilikuja na jina la Aron. Tena asubuhi hiyo ng’ombe alikuwa anakaribia kuzaa. Tecla akamwambia mumewe, “Enda ukae nyuma, ule, urudi na karatasi.” Aron alikaa mbele.

Na kikundi chenyewe si kitu cha kutisha. Ni nyumba nne kwenye mteremko mmoja, upande wa Kipkelion: kwa Kogo Nyabate, kogo ni kusema bibi, mjane wa miaka sabini ambaye goti lake la kushoto lina tabia zake, kwa Dorcus, mama wa kutoka upande wa ziwa, ambaye mumewe Owiti anafanya kazi kwenye boila ya kiwanda na wamekodi ekari moja ya chai, kwa Janeffer, mwenye mikono myepesi kuliko mtu yeyote hapo, na kwa Tecla. Kila mzunguko kila nyumba inapata siku yake. Wote wanachuma hapo, na majani yote yanaandikwa kwa mwenye shamba. Wazee waliita mtindo huo kibagenge, leo kwangu kesho kwako. Sheria yao ni moja na haijaandikwa popote: kapu la mwenzako halipimwi. Kogo Nyabate huchuma nusu ya anachochuma Janeffer, na kwa miaka minne hakuna aliyefungua mdomo.

Mzunguko huo ratiba ilikuwa hivi: Jumatatu kwa Nyabate, Jumanne kwa Dorcus, Jumatano kwa Janeffer, na Alhamisi, mwisho kabisa, kwa Tecla. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo, chai imefura. Alhamisi ikipita bila watu, majani ya Tecla yatapita kimo, yakomae, na kiwanda hakitaki majani yaliyokomaa. Ekari mbili. Mikono miwili haiwezi. Na hiyo chai ndiyo inayomweka binti yao Chepkurui shuleni. Tecla alijua hayo yote akiwa ameinama chini ya ng’ombe, ndiyo maana hakucheka.

* * *

Jumatatu, saa moja asubuhi, Aron alipuliza firimbi katikati ya chai ya Kogo Nyabate. Kuku wa bibi huyo walikimbilia jikoni.

“Tukusanyike!” Aron alisema. “Leo tunaanza kwa utaratibu. Janeffer ni straika. Dorcus, wewe kiungo. Mama Chepkurui, beki. Kogo, wewe... wewe utakuwa golikipa.”

“Golikipa wa nini, Aron?” Kogo Nyabate aliuliza. “Huku kuna mtu anataka kufunga bao?”

“Utashika magunia.”

“Magunia yako na masikio, yanaweza kujishika. Mimi nimekuja kuchuma chai yangu.”

Wanawake waliangua kicheko. Aron hakukasirika, maana mkufunzi alikuwa amesema kiongozi hutarajia upinzani siku za kwanza. Akatoa mfukoni kadi mbili. Ya njano alikuwa ameikata kwenye boksi la mafuta ya kupikia, na ukiangalia vizuri unaona bado imeandikwa lita tatu. Nyekundu ilitoka kwa mfuko wa mbegu ya mahindi.

“Hiyo ni ya nini, shemeji?” Dorcus aliuliza.

“Ya kuchelewa, ya kupiga domo kazini na ya kumjibu kepteni.”

“Yawa! Na kepteni ni nani?”

Aron alitazama fulana yake. Ilikuwa imeandikwa kifuani, KIONGOZI, herufi kubwa nyeupe.

Siku hiyo ilipita kwa vicheko. Saa nne aliita mapumziko ya nusu ya mchezo, akawapanga kwenye nyasi na kuwaeleza habari za timu kubwa za Ulaya, jinsi wachezaji wanavyolala mapema na kula samaki. Kogo Nyabate alisinzia. Dorcus alisema huko kwao ziwani watu wamekula samaki tangu dunia iumbwe na bado timu yao ya kata inafungwa kila Jumapili. Majani yalifika kituo cha kununulia chai kwa wakati, karani akayapokea, na Aron akaenda nyumbani akiamini kwamba ni kwa sababu yake.

Na mtu akiuliza, huyu Aron mwenyewe hajui michezo? Anajua! Alikuwa mwanariadha wa kulipwa miaka kumi. Amekanyaga miji ambayo wewe na mimi tunaiona kwa kalenda. Lakini kazi yake ilikuwa ya kukimbia mbele ya mashujaa wa marathoni, awavute kwa kasi iliyoagizwa, kisha ikifika kilomita ya thelathini atoke kando, wao waendelee. Wakimbiaji wenyewe humwita mtu kama huyo sungura. Medali hana hata moja. Kwa hivyo mkufunzi aliposema “mabingwa” na kumwomba mwanariadha aliyekuwepo asimame apigiwe makofi, Aron alisimama, makofi yakapigwa, na kitu fulani ndani yake kikalewa. Mimi simlaumu sana. Mtu akikaa muda mrefu bila kupigiwa makofi, siku yakija anaweza kuharibu kitu.

* * *

Jumanne, kwa Dorcus, alikuja na mizani.

Aliitundika kwenye mti wa parachichi kando ya shamba, ile mizani ya kupimia mahindi, na chini yake akaegemeza ubao ulioandikwa majina manne kwa chaki. Tecla alipouona alisimama.

“Baba Chepkurui, ondoa hicho kitu.”

“Kisichopimwa hakikui. Hayo si maneno yangu.”

“Kapu la mtu halipimwi hapa. Unajua.”

“Ndiyo maana hamjaendelea.”

Tecla alitaka kusema zaidi, lakini kumgombeza mume mbele ya watu ni kujivua nguo wewe mwenyewe. Akaingia mstarini. Hilo ndilo kosa lake, na baadaye alilikiri.

Kufikia saa tano ubao ulikuwa umewasha moto. Janeffer alikuwa juu, kilo ishirini na tisa. Dorcus, shambani kwake mwenyewe, alikuwa wa pili. Jina la Kogo Nyabate lilikuwa chini kabisa, kilo tisa, na mshale wa chaki ukilionyesha kwa kila aliyepita njiani. Kila mara Janeffer alipopeleka kapu, Aron alipuliza firimbi na kupiga makofi. Janeffer, ambaye kwa miaka minne hakuwahi kujua kwamba anataka kuwa wa kwanza, sasa alikuwa anachuma kama mtu anayefukuzwa. Kanuni ya chai, majani mawili na chipukizi, aliisahau. Alikuwa anavuta matatu, manne, na vijiti vyake. Dorcus naye kuona hivyo hakutaka kuachwa. Kapu linajaa haraka ukivuta hivyo, na mizani haina macho.

Saa nane kituoni, karani Kipkosgei aliingiza mkono katikati ya gunia la kwanza. Kipkosgei ni mtu mpole, lakini mkono wake hauna upole. Aliutoa ukiwa umeshika majani makubwa ya kijani kibichi, mapana, na kijiti kirefu kama penseli.

“Hii ni chai ama ni chakula cha mbuzi?”

Watu wote kwenye foleni waligeuka.

“Ya nani hii?”

“Yangu,” Dorcus alisema polepole.

“Mwaga chini. Chambua. Lori likifika kabla hujamaliza, rudi nayo nyumbani.”

Dorcus alitandaza gunia kwenye sakafu ya kituo, akapiga magoti mbele ya majirani wa mteremko mzima, akaanza kuchambua jani moja moja. Tecla alipiga magoti kando yake. Kogo Nyabate hakuweza kupiga magoti, akakaa chini kabisa na kunyosha mguu wake mbaya mbele. Mtu mmoja kwenye foleni aliuliza kama hiyo ndiyo timu mpya waliyosikia. Mwingine akauliza kepteni yuko wapi. Lori lilikuja, likapakia majani ya wengine, likaondoka. Zaidi ya nusu ya majani ya Dorcus ilibaki sakafuni.

Sasa hapo ndipo kiongozi mwenye akili hunyamaza. Aron alisafisha koo.

“Tumepoteza mechi,” alisema, “lakini tunajifunza. Nimeona tatizo. Tuna uzito nyuma. Kesho kwa Janeffer, Kogo apumzike benchi, tujaribu bila yeye.”

Dorcus aliacha kuchambua.

“Shemeji,” Dorcus alisema akiwa bado magotini, “mama huyu leo hajavuta hata kijiti kimoja. Hakuna hata moja lake liko hapa chini. Halafu wewe unamwambia nini?”

Aron, Mungu amsaidie, aliingiza mkono mfukoni akatoa kadi ya njano.

Kogo Nyabate aliinuka kwa kushika ukuta. Alichukua kapu lake, akalivaa kichwani kwa mkanda wake, akatoka. Dorcus alikunja gunia lake na kumfuata. Janeffer alibaki amesimama akitazama vidole vyake vilivyotiwa weusi na chai, aibu imemshika mpaka masikioni.

* * *

Jumatano kwa Janeffer alikwenda Tecla peke yake. Walichuma wawili, na saa sita hawakuwa wamefika hata nusu ya shamba.

“Wananilaumu mimi,” Janeffer alisema. “Na wana haki. Lakini nani aliniita straika? Mimi nilikuwa Janeffer tu.”

“Najua.”

“Basi samahani, Mama Chepkurui. Kesho mimi sijui kama nitaweza. Mgongo.”

Tecla alimtazama huo mgongo, mnyoofu kama mlingoti. Akavua kapu lake, akashika njia ya kwake. Alipofika alimkuta mumewe nyuma ya zizi, zizi ambalo lilipata mabati upande mmoja mwaka juzi na upande wa pili bado unaangalia mawingu. Aron alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, fulana ameivaa ndani nje.

Tecla hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

“Kesho ni siku yangu,” alisema. “Nimechuma kwa Nyabate, nimechuma kwa Dorcus, nimechuma kwa Janeffer. Miaka minne sijakosa siku hata moja, hata nilipokuwa na malaria. Kesho ni yangu na hakuna mtu anakuja. Umesikia? Hakuna mtu.”

“Nilitaka kusaidia.”

“Nina hasira na wewe. Sasa nijibu kitu kimoja. Huko ng’ambo walikuwa wanakulipa kucheza voliboli?”

“Hapana.”

“Mpira?”

“Si unajua, Mama Chepkurui.”

“Nataka kusikia.”

“Walinilipa kukimbia mbele ya watu.”

“Kwa kasi yako?”

Aron alicheka kidogo, kicheko kibaya. “Yangu? Nilifanya hivyo mara moja, nilipokuwa mgeni. Nilifyatuka kama risasi. Kufika kilomita ya tano nageuka, niko peke yangu kama mwizi. Meneja alinitukana kwa lugha tatu. Ile kasi si yako hata kidogo. Ni ya wale wako nyuma. Unageuka kila saa kuangalia nani anahema vibaya. Upepo unaumeza wewe, wao wanajificha mgongoni kwako. Ukimpoteza mtu uliyeajiriwa kumvuta, umefanya kazi bure, hata ukimbie vipi.”

“Na kwa Kogo Nyabate,” Tecla aliuliza, “ulienda kasi ya nani?”

Ng’ombe alilia, ndama akajibu.

“Kumi,” Tecla alisema. “Miaka kumi umefanya kazi hiyo kwa watu usiowajua, na hujawahi kutuambia sisi hata neno moja la maana kuhusu hiyo kazi. Halafu umeenda siku moja kusikia habari za mtu mwingine, umekuja kutuharibia.”

“Nifanye nini?”

“Mimi nitakwambia aje? Wewe ndiye umeandikwa kifuani.”

Akaingia jikoni. Aron alikaa dakika chache juu ya ndoo, kisha akainuka na kuteremka njiani.

* * *

Alianza kwa Kogo Nyabate, maana hapo ndipo palikuwa pagumu. Alimkuta ameketi mlangoni anachagua maharagwe.

“Kogo, nimekukosea. Nimekuja kuomba msamaha.”

“Eh.”

“Nilikuvunjia heshima mbele ya watu.”

“Eh.” Alitupa haragwe bovu. “Kuni zangu ziko pale nyuma. Shoka iko mlangoni.”

Aron alipasua kuni saa nzima. Jasho lilimtoka kama siku za mazoezi. Alipomaliza alirudi mlangoni.

“Sasa kesho, Kogo...”

“Kesho iko na Mungu,” Kogo Nyabate alisema. “Goti litaamua.”

Kwa Dorcus alikaribishwa na yale majani yaliyokataliwa, rundo zima nyuma ya nyumba, yamepata moto na kuanza kunuka. Dorcus alimwonyesha migomba yake iko wapi. Aron alibeba majani kwa karai mpaka chini ya kila mgomba, safari kumi na saba, kisha akaosha magunia bombani. Owiti, aliyekuwa amerudi kutoka zamu, alimtazama kutoka dirishani kwa huruma ya mwanamume aliyeoa.

“Pole, ndugu yangu,” alimnong’oneza. “Mimi huomba msamaha hata kabla sijakosa. Inaokoa wakati.”

“Kesho atakuja?”

“Mimi naye hatujafika mahali pa mimi kumuuliza.”

Dorcus mwenyewe alisema atafikiria. Alisema hivyo akiwa amempa mgongo.

Janeffer hakumfungulia hata mlango. Aliongea naye kupitia dirisha. “Unaona ile mistari imebaki? Wewe na timu yako mlinipotezea watu wangu. Shika kapu.”

Kwa hivyo Aron alichuma. Na nikuambie, kuchuma si kukimbia. Ile fimbo ya kusawazisha kimo ilimwangukia kila mara, matawi yalimchana mikono, na kila alipofikiri amejaza kapu alichungulia akaona kitako chake. Watu wa njiani walimsalimia kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama alipeleka alichopata. Janeffer alichungulia kapu, akamtazama, akachungulia tena.

“Mgongo bado unauma,” alisema, akafunga dirisha.

* * *

Alhamisi Tecla aliingia shambani kabla ya saa moja. Umande ulikuwa mzito, ile nailoni aliyojifunga kiunoni ilikuwa imelowa tayari. Aliweka fimbo yake juu ya chai, akaanza. Aron alisimama mstari wa pili, anachuma polepole. Majani mawili na chipukizi. Majani mawili na chipukizi. Ekari mbili zilitanda mbele yao zikiwa zimefura, kijani kibichi, nzuri kutazama na mbaya kufikiria.

Tecla alilia kidogo. Alilia akiwa anachuma, kwa sababu mikono haikuwa na nafasi ya kupangusa macho. Hakulilia chai peke yake. Alilia kwa sababu alikuwa amedhani anapendwa, na sasa alikuwa anahesabu mistari.

Halafu akasikia kicheko njiani.

Walikuja watatu pamoja. Kogo Nyabate alikuwa mbele na fimbo yake ya kutembelea, wengine wawili nyuma yake, hatua kwa hatua na yeye, makapu mgongoni. Janeffer alikuwa na mgongo mzima kabisa.

“Mbona unatutazama hivyo?” Dorcus aliuliza. “Si leo ni kwako?”

“Nilifikiri...” Tecla alishindwa. “Mlisema hamjui kama mtakuja.”

“Nani alikwambia?”

“Mtu yeyote hajaniambia. Mlimwambia yeye.”

“Ah, yeye!” Kogo Nyabate alisema, akaweka kapu chini. “Sisi jana asubuhi tulikaa kwa Dorcus tukamaliza hayo maneno. Saa saba tukampigia Janeffer, akalia, tukamsamehe, kesho tunaenda kumalizia kwake. Wewe umetuchumia miaka minne. Tungekuachaje na chai imesimama hivi? Wewe pia!”

Aron alikuwa amesimama na chipukizi moja mkononi. “Kogo,” alisema. “Mlikuwa mmeelewana tangu jana saa saba?”

“Ndiyo.”

“Kabla sijapasua kuni?”

“Ndiyo.”

“Na mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia, kuni zangu zingepasuliwa na nani?”

Dorcus alicheka mpaka akashika mti wa mpakani. “Na migomba yangu? Yawa, shemeji, migomba haijawahi kula vizuri hivyo!” Janeffer alikuwa amejifunika uso na kanga. Hata Tecla, na machozi yake mashavuni, alianza kucheka, na akianza Tecla hasimami upesi. Aron aliwatazama wanawake wanne, mmoja baada ya mwingine. Mikono yake ilikuwa na malengelenge sita. Mwishowe akacheka na yeye, kwa sababu angefanya nini kingine?

Waliingia mstarini. Tecla alimweka Kogo Nyabate katikati, na kila mtu akaenda kwa kasi ya Kogo bila kuambiwa. Akisimama kunyosha goti, mistari yote inasimama, watu wanapiga domo kidogo, wanaendelea. Aron alikuwa mstari wa pembeni, upande ule upepo wa asubuhi unatoka. Aligeuka mara nyingi kuangalia nyuma. Saa nne Tecla alisimama kando yake.

“Baba Chepkurui, umetuvuta vizuri. Sasa toka.”

“Nitoke niende wapi?”

“Jikoni. Hawa watu watakula nini?”

Aron alivua kapu akatoka. Alisonga ugali, akakatakata sukuma, akashusha kibuyu cha mursik, yale maziwa lala, kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya wageni wa maana. Ugali ulitoka laini kidogo, ikabidi watumie vijiko. Walikula wakamaliza.

Saa saba wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya kilima, lile la mvua ya mawe. Mstari wa mwisho waliuchuma karibu wanakimbia, Kogo Nyabate akiwa ndiye anayewahimiza wengine. Walifika kituoni dakika chache kabla ya lori. Kipkosgei aliingiza mkono kwenye gunia la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika la mwisho hakuingiza mkono tena, akapima tu na kuandika.

“Hii ndiyo chai,” alisema. Kisha akavuta karatasi nyingine. “Kiwanda kinataka jina la kiongozi wa kila kikundi. Kuna semina nyingine mwezi ujao. Niandike nani? Aron kama kawaida?”

Foleni yote ilingoja ione vituko. Aron alijishughulisha na kufunga kamba ya gunia ambalo halikuwa na kitu ndani.

Tecla alipangusa mikono kwenye nailoni yake. “Lete kalamu,” alisema, “nijiandike.”

“Namba ya chai iko kwa jina la mzee.”

“Umeuliza namba ama umeuliza kiongozi?”

Kipkosgei alitoa kalamu. Tecla aliandika polepole, majina yake yote matatu, hata lile la kwa baba yake ambalo Dorcus hakuwa amewahi kulisikia. Halafu akasoma tarehe iliyopigwa chapa chini ya karatasi, akakunja uso.

“Hiyo siku ni zamu ya Dorcus.”

“Nitashika nafasi yako,” Aron alisema haraka. “Nitachuma mimi.”

“Hapana!” Dorcus alisema kwa sauti ambayo hata dereva wa lori aliisikia. “Shemeji, nakuheshimu sana. Wewe baki na ng’ombe.”

Aron alisema sawa, atabaki na ng’ombe, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakuna mtu aliyebishana na uamuzi wake.